Kompyuta inayoganda isiuziwe ramu kabla ya kurudishwa kasi ya kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi wenzangu, na wauzaji wa kompyuta za mtumba, na zaidi sana wale wanaozinunua kwa fedha ya jasho lao. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina fremu ghorofani hapa Kariakoo, na jambo langu ni moja: kompyuta ya mezani inayoganda bila mpangilio, kabla haijanunuliwa kifaa chochote kipya, irudishwe kwanza kwenye mipangilio ya kiwandani. Hatua hiyo haina gharama. Na anayeuza mashine iliyoovaklokiwa, yaani iliyoongezwa kasi kupita ile ya kiwandani, amwambie mnunuzi wake, tena kwa maandishi.

Nasema hivi kwa sababu aina fulani ya mashine imekuwa nyingi mjini. Ni zile kompyuta kubwa za vijana wa gemu na wahariri wa video, kioo ubavuni, mataa ya rangi, ndani prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel yenye herufi K mwishoni mwa jina lake au Ryzen ya AMD. Herufi K maana yake kizidishi, ile namba inayopanga kasi ya prosesa, hakijafungwa. Mwenye mashine anaweza kuingia kwenye bayosi, ile programu ya mipangilio iliyo kwenye kompyuta yenyewe, akaiambia prosesa ikimbie kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Ryzen karibu zote nazo ziko wazi hivyo hivyo. Anayeielewa kazi hii akaifanya kwa utulivu anapata kasi ya bure, na sina neno naye. Tatizo linaanza siku anapoiuza. Mashine inahama na mipangilio yake tumboni, inatoka kwenye chumba chenye kiyoyozi inaingia kwenye chumba cha Mbagala mwezi wa pili, na anayeipokea hajui hata kama kuna kitu kimeguswa.

Kijana mmoja mteja wangu ni mhariri wa video za harusi. Alinunua mkononi mashine yenye Core i7-4790K, prosesa ya mwaka 2014 ambayo mpaka leo inafanya kazi ya kuheshimika. Ilikuwa inaganda. Wakati mwingine katikati ya kurenda harusi, yaani kutoa video iliyokamilika, wakati mwingine amefungua WhatsApp tu anajibu wateja. Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshauziwa ramu (kumbukumbu ya muda) ya nyongeza, ameshauziwa diski ya SSD, Windows imeshapigwa upya zaidi ya mara moja, na mahali pa mwisho alipopita aliambiwa mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imekufa, atafute nyingine. Fedha yote hiyo ilitoka kwenye malipo ya awali ya harusi za watu, na harusi zenyewe zilikuwa bado hazijakamilika.

Niliiwasha mezani kwangu tukaipa kazi. Bwana harusi amenyanyua kipande cha keki, picha ikasimama hapo hapo, spika zikabaki na mlio mmoja mkavu unaojirudia. Feni zinazunguka, mataa yanawaka. Nikabonyeza Caps Lock kwenye kibodi, taa yake haikuwaka. Nikabonyeza tena, hakuna kitu. Jaribio hili dogo nawaomba wasomaji walishike. Picha ikisimama lakini taa ya Caps Lock inawaka na kuzima unapobonyeza, moyo wa mfumo bado unapiga. Washukiwa wako ni draiva, kadi ya picha, diski, au programu yenyewe. Taa ikikataa kabisa, mfumo mzima umesimama, na macho yaende kwenye prosesa, ramu na volteji zake. Mashine inayozima ghafla, au inayojiwasha upya yenyewe, ni kesi nyingine. Hapo ndipo pa kuanzia na joto na pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, kwa sababu prosesa iliyopata joto kupita kiasi kwanza hupunguza mwendo, na ikizidi hujizima ili isiungue. Kuganda na kuzima tunavichanganya sana, na mteja ndiye anayelipia mchanganyiko huo.

Tukafungua kumbukumbu za matukio za Windows, ile sehemu unayoipata ukiandika eventvwr. Kulikuwa na Kernel-Power namba 41 nyingi. Mafundi wengi wakiona neno hilo la umeme wanasema pawasaplai imechoka, na pawasaplai inauzwa. Lakini tukio namba 41 linasema kitu kimoja tu, kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Ukibonyeza kitufe kwa nguvu kwa sababu imeganda, linaandikwa hilo hilo. La maana zaidi lilikuwa linaonekana kabla yake: WHEA-Logger namba 19, yaani hitilafu ya vifaa iliyotokea ndani ya prosesa ikagunduliwa na kusahihishwa. Prosesa ilikuwa inakosea na kujirekebisha, mpaka inafika kosa lisilorekebishika.

Ndani ya bayosi kizidishi kilikuwa 47, yaani mara 47 ya megahezi 100, ambayo ni gigahezi 4.7 kwenye viini vyote vinne, na volteji imefungwa kwenye 1.35. Kiwandani prosesa hiyo ni gigahezi 4.0, yenyewe ikijipandisha hadi 4.4. Ramu nazo zilikuwa kwenye profaili ya XMP, ule mpangilio wa kasi ya ziada uliohifadhiwa ndani ya ramu na mtengenezaji wake, megahezi 2400 kwa volti 1.65, wakati Intel kwa prosesa hiyo inaidhinisha 1600 kwa volti 1.5. Wengi hawajui kwamba kuwasha XMP nako ni kuovakloki. Kijana akanitazama akauliza, “Mama, hizo namba niliweka mimi?” Hakuwa ameziweka yeye. Hakuwa amewahi hata kuingia humo.

Niliijaribu hatua kwa hatua, nikibadilisha kitu kimoja kila mara, kwa maana ukibadilisha vitu viwili pamoja na tatizo likaondoka hutajua kipi kilikuwa kibaya. Kwanza nikairudisha prosesa kiwandani nikaziacha ramu kwenye XMP, nikawasha memtest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi nikaiacha usiku kucha. Programu hiyo ni ya bure na haihitaji Windows. Asubuhi kioo kimejaa mistari myekundu. Nikazishusha ramu hadi 1600, nikaiacha usiku mwingine, ikatoka safi. Kisha nikairudisha prosesa kwenye 47 nikiacha ramu kwenye 1600, tukarenda ile ile harusi, ikaganda. Kwa hiyo maradhi yalikuwa mawili. La prosesa alilikuta siku anainunua. La ramu aliuziwa: vijiti viwili vya nyongeza vya kampuni tofauti na vile vya mwanzo, vyote vinne vikalazimishwa kwenye kasi moja ya XMP ambayo ilipimwa kwa vijiti viwili vya seti moja. Dawa aliyouziwa ilimwongezea ugonjwa, na aliilipia bei kamili.

Vijana wataniuliza, kama mwenye kwanza aliitumia kwenye gigahezi 4.7 na haikuganda, imekuwaje? Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, ila kwa volteji hupanda kwa mraba wake. Ukiitoa gigahezi 4.2 kwa volti 1.20 ukaipeleka 4.7 kwa volti 1.35, kasi imeongezeka kwa asilimia 12, joto limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Hitisinki, kile kipozea cha prosesa chenye mapezi, nayo haiwezi kupoza chini ya joto la chumba. Chumba kikitoka nyuzi 22 za kiyoyozi kikafika nyuzi 33, prosesa inapanda karibu nyuzi hizo hizo 11, na inapokuwa ya moto inahitaji volteji zaidi ili ishikilie kasi ile ile. Ongeza vumbi letu kwenye mapezi ya hitisinki na grisi iliyokauka kati yake na prosesa. Juu ya yote hayo kuna kuchakaa: volteji kubwa pamoja na joto, miaka ikienda, huzichosha transista, zile swichi ndogondogo zilizo ndani ya prosesa, na kasi iliyokuwa inashikika mwaka 2015 leo haishikiki kwa volteji ile ile. Aliyeuza anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema kwake haikuwahi kuganda.

Kuganda kwenyewe kunaudhi, lakini kinachonitisha mimi zaidi ni mashine isiyoganda ambayo inakosea kimyakimya. Ramu inayobadilisha herufi moja hapa na namba moja pale haitoi taarifa. Kijana yule alikuwa ameshakabidhi video zenye vipande vya kijani vinavyotokea sekunde moja na kupotea, wateja wakamlaumu kwamba kamera yake mbovu. Faili zilizobanwa zilikuwa zinakataa kufunguka. Sasa fikirini mashine ya namna hiyo iwe inatunza hesabu za SACCOS au kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati. Nakala unayohifadhi kila jioni inahifadhi na kosa lake ndani.

Ndiyo maana nakasirishwa na tabia yetu ya kupiga Windows kila kompyuta inapoletwa. Kasi na volteji vinahifadhiwa kwenye bayosi, kwenye mazabodi yenyewe. Ukifuta diski yote ukapiga Windows mpya, kizidishi cha 47 kinakusubiri pale pale. Mbaya zaidi, unapiga Windows kwa kutumia ramu inayokosea, kwa hiyo mafaili mapya yanaweza kuandikwa yakiwa yameharibika tangu siku ya kwanza, na mteja anarudi baada ya wiki na matatizo ambayo hakuwa nayo. Picha za familia yake nazo zimekwenda na diski iliyofutwa.

Kuna aina moja ya kuganda inayowachanganya hata mafundi wazoefu, nayo ni mashine inayostahimili kazi nzito saa nzima lakini inaganda ikiwa imetulia, mwenyewe amekwenda kunywa chai. Mtu anasema haiwezi kuwa namba za bayosi zilizoguswa, mbona gemu inacheza vizuri? Inaweza. Wengine hupunguza volteji kwa kiasi fulani chini ya ile ya kawaida ili kupunguza joto. Kwenye kazi nzito volteji iliyobaki inatosha. Prosesa ikipumzika inashuka kwenye volteji ndogo tayari, ukiipunguzia tena kiasi kile kile inakosa ya kuishikilia. Kwenye Ryzen za mwanzo, zilizotoka 2017, kulikuwa pia na kuganda kwa kutulia kulikotokana na umeme kushuka mno wakati prosesa imelala, na kwenye bayosi za mashine hizo ikawekwa sehemu ya kuchagua kiwango cha umeme cha wakati wa kutulia. Ukiweka kiwango cha kawaida badala ya kile cha chini, nyingi zinapona bila kununua kitu.

Sasa niseme lile linaloipinga kauli yangu mwenyewe, maana wapo watakaosema mipangilio ya kiwandani nayo ina kasoro zake. Ni kweli. Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, zile zenye nguvu, zilikuwa zinaomba volteji kubwa kuliko inavyotakiwa na kuharibika taratibu. Pamoja na hilo, baadhi ya watengenezaji wa mazabodi walikuwa wameachia mipaka ya umeme juu kuliko Intel inavyopendekeza, hivyo mtu ambaye hajagusa chochote alikuwa na mashine iliyosukumwa tangu dukani. Marekebisho yalitoka Agosti 2024, yakifuatiwa na mengine Septemba, na yanaingia kwa kuweka bayosi mpya ya mazabodi yako. Mwenye Core i9-13900K au 14900K au ndugu zao, kurudisha mipangilio kwenye bayosi ya zamani hakumtoshi. Aweke bayosi mpya kwanza. Na prosesa ambayo imeshaharibika haiponi kwa bayosi mpya. Intel iliongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili, kwa hiyo anayenunua mashine ya aina hiyo leo aombe na risiti ya mwenye kwanza.

Kwa wanaotaka kuanza wenyewe nyumbani, nawaomba waanze kwa simu. Piga picha kila ukurasa wa bayosi kabla hujabadilisha kitu, hasa penye hali ya diski, kama ni AHCI au RAID, na namna ya kuwasha, kama ni UEFI au ile ya zamani. Kurudisha mipangilio kunaweza kubadilisha hivyo viwili, Windows ikakataa kuwaka, na mtu asiyejua akakwambia diski imekufa. Ukilinganisha na picha zako unarekebisha mwenyewe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, uwe na ule ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi kabla ya kugusa bayosi. Mashine ikikataa hata kufika kwenye bayosi, chomoa waya wa umeme, toa betri ya saa iliyoko kwenye mazabodi, ile ya CR2032, subiri dakika chache uirudishe. Halafu angalia ndani ya Windows kama kuna programu ya kuongeza kasi iliyosakinishwa, kwa sababu hiyo inaweza kuipandisha tena kila inapowaka. Ukimaliza, tumia mashine kwa kazi yako ya kawaida kwa siku zinazotosha kuona. Ikiacha kuganda umeshajua. Ikiendelea, angalau fundi wako anaanza mahali safi.

Nirudi kwa mafundi wenzangu, na hapa nawatetea pia. Mteja wa Kariakoo anaona halali kulipia ramu kwa sababu anaishika mkononi. Ukimwambia alipie muda ulioutumia, usiku wa memtest na asubuhi ya kusoma kumbukumbu za matukio, anakuuliza, “Kwani umebadilisha nini?” Fundi ana kodi ya fremu, ana watoto shuleni, akijua kwamba uchunguzi haulipwi na kifaa kinalipwa, atauza kifaa. Simlaumu kila anayefanya hivyo, lakini tumejijengea biashara ambayo jibu la bure halimfaidii yeyote anayelitoa. Mimi nimeweka ada ya uchunguzi, nimeiandika ukutani, na ninamwandikia mteja kwenye karatasi nilichokikuta hata kama dawa yake ilikuwa kubonyeza vitufe viwili. Wapo waliogeuka mlangoni walipoiona. Waliobaki wanarudi na kuleta ndugu zao. Wateja nao nawaomba wakubali kulipia macho na saa za fundi, itawagharimu kidogo kuliko SSD wasiyoihitaji.

Kwa wauzaji sina ombi la upole. Kuficha kwamba mashine imesukumwa ni kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji huo. Si jambo geni duniani. Miaka ya 1990 walikuwapo wafanyabiashara waliofuta namba juu ya prosesa za Intel na kuandika kasi kubwa zaidi, wakaziuza kwa bei ya juu, na Intel ikafikia kufunga vizidishi. Hata hivyo mwaka 1998 ilipotoka prosesa yake ya Celeron 300A, watu waliipandisha kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kubadilisha kasi ya njia ya data peke yake, na walijivunia waziwazi. Ndivyo iwe na kwetu. Kijana aliyeiovakloki mashine yake vizuri hana la kuficha: aandike kwenye karatasi ya mauzo prosesa ni gani, inaendeshwa kwa kasi gani na volteji gani, XMP imewashwa au haijawashwa, na grisi ilibadilishwa lini. Au arudishe kila kitu kiwandani mbele ya mnunuzi, kazi isiyozidi dakika tano. Mnunuzi naye asione haya kusema, “Naomba tuingie bayosi kwanza,” kabla hajatoa fedha. Muuzaji akikataa, maduka yako mengi.

Yule mhariri wa harusi aliondoka na mashine yake ikiwa kwenye kasi ya kiwandani, ramu kwenye 1600, vijiti viwili vya nyongeza nimevitoa nikampa mkononi. Nilimsafishia vumbi na kuweka grisi mpya. Kurenda kunachelewa kidogo kuliko zamani, anasema mwenyewe, lakini sasa anaiacha ifanye kazi usiku akalala. Mazabodi ni ile ile aliyoambiwa imekufa.

Mhariri, vyuo vikuu vinakaribia kufunguliwa, na wazazi wameanza kupanda ngazi zetu kuwatafutia mashine vijana wanaosomea usanifu majengo, uhandisi na utengenezaji wa video. Kama nafasi itapatikana, naomba barua hii itoke kabla hawajamaliza kununua.

Wako mtiifu,
Fundi kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam